Picture House ya Campbeltown: Ukumbi Mpya Ulivyouokoa wa Zamani

Kabla fundi hajashika burashi kwenye jumba la kale, kuna swali la kuamua: jumba lirudishwe lilivyokuwa mwaka gani? Huko Campbeltown, mji wa pwani ya magharibi ya Scotland usiofikisha watu 5,000, swali hilo lilikuwa na majibu mawili, na kila moja lilikuwa na hoja yake.

Jumba la sinema la Picture House lilifunguliwa Mei 1913, kazi ya msanifu Albert V. Gardner wa Glasgow. Uso wake unaotazama bahari una mikunjo ya mtindo wa Art Nouveau, uliotamba Glasgow siku hizo, na ndani watu zaidi ya 600 walipata viti. Katikati ya miaka ya 1930 Gardner yuleyule aliitwa tena, akaugeuza ukumbi. Safari hii alifuata mtindo ulioanzia Marekani, ambako msanifu John Eberson alikuwa amejenga ukumbi wa Majestic wa Houston mwaka 1923: mtazamaji aketi kama yuko uani usiku, kuta ziwe sura za nyumba na dari liwe anga. Gardner akajenga vijumba viwili, kimoja kila upande wa skrini, vyenye paa na madirisha. Wenyeji wanavipenda mno.

Mradi uliogharimu takriban pauni milioni 3.5 na kukamilika Desemba 2017, chini ya wasanifu Burrell Foley Fischer, ulihifadhi uso wa 1913 na ukumbi wa miaka ya 1930. Wapo watakaosema huo ni mchanganyiko wa nyakati mbili. Kwangu mimi ndio uamuzi wa haki. Kurudisha ndani kuwa kama mwaka 1913 kungemaanisha kubomoa kazi halisi iliyopo ili kujenga ya kukisia, tena kazi zote mbili ni za mkono mmoja.

Dari la aina hii linahitaji maelezo, maana wengi hudhani ni suala la kupaka rangi ya samawati tu. Anga ya ukumbini hufanywa na mwanga. Taa hufichwa nyuma ya ukingo wa ukuta, zikatupa mwanga kuelekea juu, ukapita juu ya plasta kwa mlalo. Mwanga wa namna hiyo hauna huruma: kiraka kisichosawazishwa au ufa uliozibwa ovyo huacha kivuli, na mara moja jicho hutambua kwamba lile ni dari. Katika ukumbi uliojaa maua ya plasta kasoro hujificha ndani ya mapambo. Hapa hakuna pa kujificha, kwa hiyo anayesawazisha plasta ndiye mwenye kazi ngumu kuliko anayepamba. Rangi nayo sharti iwe isiyong'aa hata kidogo, kwani ikimeta itarudisha umbo la taa. Na samawati yake kamili haichaguliwi kwa kumbukumbu za wazee, kwa sababu moshi wa sigara wa miongo mingi hufanya samawati ionekane kijivu. Njia ya kuaminika ni kukata kipande kidogo mno cha rangi, kukitazama kwa hadubini na kusoma matabaka yake toka la chini. Hata hivyo kazi haiishi hapo: rangi iliyochaguliwa chini ya balbu za zamani hubadilika sura chini ya taa za LED, hivyo taa na rangi hujaribiwa pamoja, zikiwa mahali pake.

Ila dari peke yake lisingeliokoa jumba hili. Wakazi walikwisha kuliokoa mara moja: lilipofungwa miaka ya 1980, walijiunga katika kampuni ya kijamii, wakalinunua na kulifungua upya. Ugonjwa uliobaki ulikuwa wa hesabu. Msambazaji anapotoa filamu kubwa, mara nyingi hutaka ioneshwe kila siku kwa wiki mbili au tatu. Mji mkubwa haujali. Katika mji wa watu wasiofika 5,000, waliotaka kuiona huwa wameshaiona wiki ya kwanza, na baada ya hapo skrini pekee iliyopo inafungiwa filamu ileile mbele ya viti vitupu.

Njia iliyozoeleka ilikuwa kuugawa ukumbi mkubwa: ukuta katikati, au balkoni kuzibwa iwe ukumbi wa juu. Majumba mengi ya Uingereza yalifanyiwa hivyo miaka ya 1970, na kwa jumla yaliharibika vibaya. Campbeltown walikataa, wakajenga ukumbi wa pili pembeni, mpya kabisa, usiojifanya wa kale. Sasa filamu kubwa inaweza kuanzia chini ya anga ya Gardner, kisha ikahamia ukumbi mdogo kumaliza muda uliotakiwa na msambazaji, na ukumbi wa zamani ukabaki huru kwa filamu nyingine, tamthilia inayorushwa moja kwa moja au shughuli za mji.

Ndiyo maana siridhiki na sifa zinazoelekezwa kwa vijumba na dari peke yake. Tathmini ya mradi wa aina hii ingeanzia kwenye ratiba ya maonyesho ya kila wiki, kisha ndipo ipande juu kwenye plasta. Bila ule ukumbi wa pembeni usio na pambo, vijumba vya Gardner vingekuwa vimepakwa rangi upya kusubiri kufungwa kwa mara nyingine.