Kariakoo ilivyotulizwa, na bosi wa ghala la Gairo

Jumatatu ya Mei 15, 2023, maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, hayakufunguliwa. Wafanyabiashara walikuwa wamechoshwa na kamatakamata ya maofisa wa kodi, usajili wa stoo na usumbufu kwa wateja wao kutoka nchi jirani. Siku hiyohiyo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatua sokoni.

Mwenye hasira hashindwi kwa hoja. Polisi wa New York waliligeuza jambo hilo kuwa taaluma mwaka 1973, baada ya mateka wa Israel kuuawa kwenye Olimpiki ya Munich mwaka uliotangulia. Mpelelezi Harvey Schlossberg, msomi wa saikolojia, na mwenzake Frank Bolz walifundisha askari kupunguza kasi na kumwacha mtu aseme. Mrudishie maneno yake mpaka akubali kwamba umemwelewa, ndipo umwombe kitu.

Majaliwa alianza na kidonda kibichi. Aliagiza kikosi kazi cha kodi kisimamishe kazi Kariakoo. Kisha hakung'ang'ania kuyamaliza palepale barabarani. Mazungumzo yakahamia viwanja vya Mnazi Mmoja, Mei 17. Siku mbili zinatosha kupoza damu na kumpa mtu nafasi ya kupanga anachotaka kusema. Huko wafanyabiashara walishika kipaza sauti mmoja baada ya mwingine, mawaziri wakiwa wamekaa wanasikiliza. Hapo ndipo penye uzito wote: lalamiko lilisemwa hadharani, mbele ya mwenye mamlaka ya kulitatua.

Sasa chukua ghala la mahindi Gairo, kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Wakulima walioshuka kutoka milima ya Ukaguru wamegoma kushusha magunia. Wanasema mizani inawapunja, na juu yake wanadaiwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Mabosi wengi wangekimbilia kueleza bei ya dizeli na ushuru. Hata kama wanasema kweli, wamewahi mno. Heri bosi asimamishe upimaji, gunia moja lirudishwe kwenye mizani mbele ya wote, kisha aseme: “Wazee wangu, mnaniambia mzigo ukitoka nyumbani umetimia, ukifika hapa unapungua.” Halafu anyamaze. Mzee mmoja akijibu, “Ndiyo, na si leo tu,” mazungumzo yameanza.

Ila kusikiliza kunanunua muda tu. Juni 24, 2024, Kariakoo ilifunga tena, kamatakamata ikiwa bado kinywani mwa watu, na safari hii mgomo ukaenea hadi miji mingine. Ufundi wa Mnazi Mmoja ulikuwa mzuri. Kilichopwaya ni ufuatiliaji, na kiongozi wa biashara anayeiga nusu ya kwanza peke yake atarudi kwenye umati uleule, safari hii ukiwa haumwamini.

Kwa hiyo pale ghalani, kabla lori halijaondoka, iandikwe na isomwe kwa sauti: nani anaipeleka mizani kwa Wakala wa Vipimo, siku gani, na mkulima yupi anafuatana naye.