Tarakimu Mbili za Mahali: Uhakiki wa Kisanduku 24B

Katika fomu ya CMS-1500, ambayo ofisi za madaktari nchini Marekani huitumia kudai malipo ya bima, kisanduku 24B ni chembamba mno. Kina nafasi ya tarakimu mbili tu, zinazokaa kati ya tarehe ya huduma na msimbo wa tendo la tiba. Msomaji wa haraka huzichukulia kuwa anwani, na hapo ndipo makosa mengi ya bili yanapoanzia, kwa sababu anwani ina kisanduku chake, cha 32. Tarakimu za 24B zinatamka jambo jingine: siku ile mgonjwa alikuwa mikononi mwa nani, na nani alibeba gharama za chumba alimotibiwa.

Tuanze na umbo la orodha yenyewe, inayotunzwa na CMS, idara ya serikali kuu inayosimamia Medicare, bima ya afya ya serikali hiyo. Inaanzia 01, duka la dawa, na kuishia 99, ambayo hupokea kila pasipotajwa kwingine. Kati ya ncha hizo misimbo imejikusanya kwa makumi, ingawa si kwa ukamilifu: 11 ni ofisi na 12 ni nyumbani, 21 ni hospitali kwa aliyelazwa, 22 ni hospitali kwa mgonjwa wa nje, 23 ni chumba cha dharura, 31 na 32 ni makao ya uuguzi, 41 ni ambulensi ya nchi kavu na 42 ni ya angani au majini. Mapengo yake nayo ni sehemu ya utunzi. Namba 82 hadi 98 hazina maana yoyote hadi leo, na ukimya huo unaiwezesha orodha kupanuka bila kuvuruga maana zilizokwisha kuzoeleka.

Ufasili wa 11 unastahili kusomwa polepole, kwani ustadi wake umo katika kukanusha. Kabla ya kusema ofisi ni nini, unataja kwanza isivyo: si hospitali, si makao ya uuguzi wa kitaalamu, si kituo cha tiba cha jeshi, si kituo cha afya cha jamii, si kliniki ya afya ya umma. Baada ya kuziondoa zote ndipo unaposema kuwa ni mahali ambapo mtaalamu hupima na kutibu kwa kawaida wagonjwa wanaokuja na kuondoka. Mfuatano huo unamwelekeza karani aifikie 11 baada ya kuondoa nyingine. Programu nyingi za ofisi, kinyume chake, huijaza 11 kabla mtu hajafikiri, na hivyo hugeuza hitimisho kuwa dhana ya kuanzia.

Uzito wa tarakimu hizi unaonekana kwenye jedwali la ada la Medicare. Thamani ya kila tendo ina viambajengo vitatu: kazi ya daktari, gharama za kuendesha shughuli, na bima ya makosa ya kitaaluma. Kiambajengo cha pili kina thamani mbili, ya kituoni na ya nje ya kituo. Daktari akichukua kipande cha ngozi kwa uchunguzi ofisini kwake, vifaa, muuguzi na kodi ya pango ni juu yake, naye hulipwa zaidi. Akifanya hivyo hivyo katika idara ya hospitali, hospitali hupeleka dai lake la gharama hizo, na sehemu ya daktari hupungua. Kuandika 11 palipostahili 22 ni kumfanya mlipaji alipie chumba kimoja mara mbili, ndiyo maana wakaguzi wa serikali kuu wameifuatilia safu hii mara kwa mara.

Kanuni ya jumla ni kuandika pale mgonjwa na mtaalamu walipokutana ana kwa ana. Hata hivyo, chukua mgonjwa aliyelazwa, anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi ofisi binafsi ya mtaalamu ng'ambo ya barabara, akapimwa, kisha akarudishwa wodini. Macho yanaona ofisi. Dai linapaswa kusema 21. Kulazwa humfuata mgonjwa kila aendako hadi atakaporuhusiwa, na msimbo hutii hadhi yake kuliko kuta zinazomzunguka.

Jozi ya 31 na 32 inalikamilisha wazo hili kwa umbo safi zaidi. Mgonjwa anaweza kulala kitanda kile kile, chumba kile kile, akatembelewa na daktari yule yule. Sehemu A ya Medicare ikiwa inalipia ukaaji wake, msimbo ni 31 kwa kiwango cha kituoni, na manufaa hayo, yenye kikomo cha siku 100 kwa kipindi kimoja, yakishakwisha, msimbo huwa 32 kwa kiwango cha nje ya kituo. Hakuna kilichohama isipokuwa mzigo wa gharama.

Tofauti ya 19 na 22 ni ya namna nyingine. Tangu Januari 2016, idara ya hospitali iliyo nje ya eneo lake kuu huandikwa 19, na 22 imebaki kwa zilizomo ndani ya eneo hilo, ambalo kanuni hulipima kwa yadi 250 kutoka majengo makuu, karibu mita 229. Daktari hupata kiwango cha kituoni katika zote mbili. Thamani ya tofauti hii ni ya kiushahidi: inamwezesha mlipaji kuona ni huduma zipi hospitali inazihamishia mbali na makao yake.

Orodha inapokua hulinda mantiki ile ile ya kumfuata mgonjwa. Mwaka 2022 tiba kwa njia ya mtandao iligawanywa: 10 kwa mgonjwa aliye nyumbani kwake, 02 kwa aliye kwingine, na mahali alipoketi daktari hapatajwi. Oktoba 2023 pengo la 27 lilijazwa na huduma ya mtaani kwa watu wasio na makazi, nao wakapata nafasi yao katika safu iliyokuwa ikiwasukumia 99. Kwa hiyo karani makini huuliza kwa mpangilio: mgonjwa ana hadhi gani leo, nani anabeba gharama za chumba, na mwisho, walikutania wapi. Swali la mahali lililoandikwa juu ya kisanduku ndilo la mwisho kujibiwa, na anayeufuata mpangilio huo ataandika 11 kwa uhakika kila inapostahili.