Jinsi Bigirimana alivyodumu

Mechi 13 za Ligi Kuu ya England, bao moja. Anayeisoma safari ya Gaël Bigirimana kwa takwimu hizo atasema ni kiungo aliyepita njia tu. Lakini kama unafundisha vijana kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, au una timu ya mtaani Lilongwe yenye watoto wa Kirundi, wa Kikongo na wa Kimalawi pamoja, huyu ndiye wa kumchambua kabla ya Saido Berahino. Wote wawili walizaliwa Bujumbura mwaka 1993, na wote walifika England wakiwa watoto wakimbizi. Berahino alifunga mabao 20 akiwa West Bromwich Albion msimu wa 2014/15 na akaitwa timu ya taifa ya England. Mguu wa namna ile haufundishwi, unaombewa. Bigirimana hakuwa nao. Alikuwa na mapafu, nidhamu ya nafasi, na moyo wa kushuka daraja bila kuacha kazi. Kwa hayo aliishi kwa mpira zaidi ya miaka kumi, England, Uskoti, Ireland Kaskazini na Tanzania.

Tuanze na mlango, maana bila mlango hakuna mpira.

Bigirimana alifika Coventry mwaka 2004. Kisa chenyewe kinajulikana: alitumwa dukani kununua maziwa, akapita kwenye kituo cha akademi ya Coventry City, akaingia na kuomba ajaribiwe. Mashabiki wanakipenda kisa hiki kwa sababu ya maziwa. Mimi nakipenda kwa sababu ya jambo ambalo husahaulika kusemwa: mtoto yule alikuwa na haki ya kuishi pale alipoishi, akademi ilikuwa umbali wa kutumwa dukani, na hakuhitaji kibali cha mtu kufika getini. Akademi haikumleta England. Ilimkuta.

Kanuni ya 19 ya FIFA inahusu hasa tofauti hiyo. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache, zikiwemo hizi: wazazi wamehama kwa shughuli isiyohusu soka, anaishi jirani kabisa na mpaka, ana miaka 16 na anahama ndani ya Umoja wa Ulaya au Eneo la Kiuchumi la Ulaya, au amekimbia nchi yake kuokoa maisha. Kwa hiyo wakala anayemwambia mzazi wa Dzaleka kwamba atampeleka mwanawe wa miaka 15 kwenye akademi ya Ulaya anavunja kanuni au anadanganya, na mara nyingi anafanya yote mawili. Akiomba ada ya maombi, msindikizeni mpaka barabarani.

Na akitimiza 18? Uingereza humpima mchezaji wa kigeni kwa pointi: kiwango cha ligi anayotoka, mechi alizocheza huko, mechi za timu ya taifa. Kiungo wa ligi ya kanda nchini Malawi hana mahali pa kuzichuma pointi hizo. Bigirimana hakupimwa kwa mizani hiyo, kwa kuwa aliingia nchini kama mtoto anayetafuta usalama, na mpira ukaja baadaye. Awer Mabil, aliyezaliwa kambi ya Kakuma na kuhamia Australia na familia yake mwaka 2006, alipita mlango uleule. Mlango huo unazidi kuwa mwembamba: Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi.

Sasa iangalieni Dzaleka. Iko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikikusudiwa watu wasiozidi elfu kumi na kitu. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika sokoni na kiwanjani. Malawi iliuridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 lakini ikaweka masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea, hivyo anayetoka kambini anatakiwa kuwa na kibali. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na msako ukafika Lilongwe. Kiungo wa miaka 17, hata awe na mapafu ya Bigirimana, hawezi kumwahidi kocha wa Area 47 mjini Lilongwe kwamba Jumanne, Jumatano na Alhamisi atakuwepo mazoezini. Na kiungo hujengwa kwa mazoezi ya pamoja kuliko mchezaji wa nafasi nyingine yoyote. Winga anaweza kujifunza chenga peke yake nyuma ya nyumba, lakini kiungo anahitaji watu kumi wa kuwasoma.

Hapo ndipo tuingie uwanjani.

Bigirimana aliingia kikosi cha kwanza cha Coventry msimu wa 2011/12, katika daraja la pili la England. Timu ilishuka daraja msimu huo. Yeye akatwaa tuzo ya mchezaji mwanafunzi bora wa daraja hilo, na katikati ya mwaka 2012 Newcastle United wakamnunua. Kijana wa timu iliyoshuka anawezaje kupanda? Kwa sababu katika timu inayolemewa, kiungo mkabaji ndiye anayeonekana. Mpira uko kwa adui muda mwingi, kazi ya kuunyang'anya haiishi, na anayeifanya bila kuchoka anaandikwa kwenye daftari la kila msaka vipaji. Straika wa timu ileile anakaa dakika ishirini bila kuugusa.

Newcastle alicheza mechi zile 13 za ligi katika msimu wa 2012/13, na bao lake moja alilifunga dhidi ya Wigan Athletic Desemba 2012, kwa shuti la mbali. Bao lile lilimdanganya mtazamaji. Lilifanya watu wamtarajie awe namba nane wa kupanda na kufunga, wakati ubora wake ulikuwa wa namba sita: kuziba njia ya pasi, kuugusa mpira mara mbili, kumpa aliye huru. Newcastle ya wakati ule ilikuwa na Cheick Tioté na Yohan Cabaye kwa kazi za kati. Baada ya msimu huo hakurudi tena uwanjani katika Ligi Kuu.

Wengi huishia hapo. Mchezaji aliyeonja ligi kubwa akiwa na miaka 19 huona aibu kucheza chini yake, anakaa benchi mkataba wote, na akitoka ana miaka 24 na hana mechi miguuni. Bigirimana naye alipoteza muda mrefu. Februari 2, 2015 Newcastle waliwapeleka wachezaji watano kwa mkopo Rangers, iliyokuwa ikicheza daraja la pili la Uskoti: yeye, Haris Vučkić, Kevin Mbabu, Remie Streete na Shane Ferguson. Mike Ashley, mmiliki wa Newcastle, alikuwa pia na hisa Rangers, na mkopo ule ulinuka biashara kuliko ufundi. Kati ya watano ni Vučkić tu aliyecheza vya kutosha. Bigirimana, kwa sababu za kiafya, hakuvaa jezi hata mechi moja.

Uamuzi uliomwokoa ulikuja baada ya hapo. Alirudi Coventry, sasa ikiwa daraja la tatu, kwanza kwa mkopo na kisha kwa mkataba wa kudumu. Aprili 2, 2017, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi za Chini dhidi ya Oxford United, mbele ya watazamaji zaidi ya 74,000, ndiye aliyefunga bao la kwanza kwenye dakika ya 11. Coventry wakashinda 2-1, na msimu huohuo wakashuka daraja la nne. Wasifu wa kiungo wa ligi za chini ndivyo ulivyo, kombe mkono mmoja na kushuka daraja mkono wa pili. Katikati ya 2017 Motherwell ya Uskoti ikamchukua.

Motherwell ndiyo nataka makocha waitazame kwa makini, hata kama Bigirimana hakuwa nguzo ya kikosi kila wiki. Kocha Stephen Robinson alipanga mabeki watatu, viungo watano na washambuliaji wawili wenye miili, na mpira ulikuwa ukirushwa mbele mapema. Timu ile ya bajeti ndogo ilifika fainali zote mbili za vikombe vya Uskoti msimu wa 2017/18, na zote ikafungwa 2-0 na Celtic. Silaha yake ilikuwa mpira wa pili. Straika anaruka na beki, kichwa kinagonga, mpira unadondoka popote. Anayeuokota huo ndiye anayeshambulia.

Kuuokota mpira wa pili ni kazi ya kusoma. Kiungo hasimami chini ya wanaoruka. Anasimama mita nane au kumi nyuma yao, upande ambao beki atalazimika kupigia kichwa, mwili umegeuzwa nusu ili aone lango na winga kwa wakati mmoja. Mguso wa kwanza unautoa mpira kwenye msongamano, wa pili unampa mtu wa pembeni. Akihitaji mguso wa tatu amechelewa. Uskoti, ambako upepo na mvua huuamua mpira kuliko ubao wa kocha, kiungo anayefanya hivyo mara kumi na tano kwa mechi hakosi timu, hata kama hajui kupiga chenga.

Vijana wetu wana nusu ya elimu hiyo bila kujua. Kiwanja cha udongo mkavu cha kiangazi hakimpi mtu mpira unaotambaa. Unaruka, unapinda, unamkimbia aliyeusubiri. Mtoto aliyekulia hapo ameshajifunza kukisia mdundo. Asichofundishwa ni wapi asimame kabla ya mdundo, kwa kuwa kwenye ndondo zetu wote ishirini wanaufuata mpira, na anayebaki nyuma mita kumi anapigiwa kelele kwamba ni mvivu. Makocha, muacheni huyo mvivu. Huenda ndiye kiungo wenu.

Baadaye njia ikawa ya kushuka kwa hatua: Hibernian mapema 2019, Solihull Moors ya daraja la tano England, kisha Glentoran ya Ireland Kaskazini. Katikati ya hayo alikwenda Misri na timu ya taifa ya Burundi kwenye AFCON ya 2019, ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, ambako Burundi ilipoteza mechi zote tatu bila kufunga bao. Julai 2022 akatua Jangwani, kwa Yanga ya Tanzania.

Yanga ilimpokea kama mtu wa Newcastle, na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Kikosi cha kocha Nasreddine Nabi kilikuwa na Khalid Aucho na Yannick Bangala, na mbele yao Feisal Salum. Aucho anaushika mpira, anaupumzisha, anaamua kasi ya mechi. Yanga ilimiliki mpira karibu kila Jumamosi, kwa hiyo kazi ya kunyang'anya, ambayo ndiyo taaluma ya Bigirimana, ilikuwa haba. Hakupata nafasi ya kudumu. Sioni kosa lake kubwa hapo. Klabu ilinunua wasifu badala ya nafasi, na klabu za Afrika Mashariki zinalirudia jambo hili kila dirisha la usajili. Alirejea Ireland Kaskazini, Dungannon Swifts, na huko akaendelea na kazi aliyoijua.

Kuna njia nyingine iliyopita Lilongwe yenyewe. Tabitha Chawinga alicheza DD Sunshine ya hapa mjini, na mwaka 2014, akishatimiza miaka 18, akaenda Krokom/Dvärsätt ya daraja la tatu la wanawake Sweden. Alifunga mabao 39 katika mechi 14, na ngazi hiyo ikamfikisha China, Inter, Paris Saint-Germain na Lyon. Alianzia ligi ambayo hakuna anayeitangaza. Lakini alikuwa na pasipoti ya Malawi mfukoni, na umri wake uliandikwa mahali.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo Dzaleka inaweza kulifanya bila kusubiri Geneva wala Lilongwe. Timu za kambini zimewahi kucheza ligi ya kanda ya kati, Dzaleka Future ikiwemo. Mechi za ligi inayotambuliwa na chama cha soka cha Malawi zinaandikwa, ndondo haziandikwi. Kanuni za FIFA zinagawa asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka anaotimiza 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka kuanzia 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka kuanzia 16 hadi 23. Mchezaji akiuzwa dola 1,000,000, klabu iliyokuwa naye kuanzia miaka 12 hadi 15 inastahili dola 10,000. Lakini lazima iwe klabu iliyosajiliwa chini ya chama, na jina la mtoto liwe kwenye rekodi. Bujumbura haikudai kitu kwa Bigirimana, kwani aliondoka kabla ya umri huo. Mtoto wa Dzaleka anatimiza 12 mbele ya macho yenu. Na aliyeishi Malawi miaka mitano mfululizo hasumbuliwi na kizuizi cha kanuni ya 19 anaposajiliwa mara ya kwanza, mradi miaka hiyo ithibitishwe kwa karatasi.

Basi, makocha wa Dzaleka: kabla ya msimu ujao, jazeni fomu za chama za watoto wote wa miaka 12 na zaidi, ambatanisheni nakala za hati zao za ukimbizi, na mhifadhi nakala ya pili nje ya kambi. Nanyi klabu za Lilongwe mnaowataka vijana hawa, ombeni vibali vyao vya kutoka kwa barua ya klabu, kwa msimu mzima. Msimwachie kijana aombe mwenyewe kila wiki.