Moshi na Pumzi

Katika mtihani wa nguvu ambao idara nyingi za zimamoto za Marekani humpa anayeomba kazi, kukimbia kati ya kazi moja na nyingine ni marufuku. Mtihani una kazi nane, nazo zote zinapaswa kwisha ndani ya dakika 10 na sekunde 20. Unavishwa fulana yenye uzito wa karibu kilo 23. Kwenye ngazi ya mashine unaongezewa kilo 11 mabegani, upande kwa dakika tatu bila kushika popote. Kisha unavuta mpira wa maji, unabeba misumeno, unasimamisha ngazi, unapiga nyundo kama anayevunja mlango, unatambaa ndani ya kichochoro chenye giza, unaburuta sanamu la kilo 75, na mwisho unatoboa dari na kuivuta kwa mti mrefu wenye kulabu. Kutoka kazi moja hadi nyingine unatembea. Ukikimbia unaonywa mara moja. Ukirudia, mtihani wako umeishia hapo.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini kwa zimamoto methali hiyo ina sababu inayopimika kwa geji. Anayekimbia huhema, na anayehema humaliza hewa. Mtungi ulioandikwa kuwa ni wa dakika 30 mara nyingi haufikishi 20 ukiwa mgongoni mwa mtu anayefanya kazi nzito. Theluthi moja ya hewa inapobaki, kengele ya barakoa hulia, na ile theluthi si ya kumalizia kazi. Ni ya kutokea. Kwa hiyo fundi wa kazi hii huhesabu hatua zake akiwa nje, huingia akijua njia ndefu ya kurudi, na hutoka mtungi wake ukiwa bado na kitu. Ushujaa wake hauonekani katika kasi ya miguu. Umo katika matumizi ya hewa.

Ninayemsifu hapa ana kazi mbili katika mwili mmoja: ni zimamoto na ni paramediki, yaani mhudumu wa dharura aliyefunzwa kutoa tiba kabla mgonjwa hajafika hospitali. Katika nchi nyingi kazi hizo zina watu tofauti na magari tofauti. Marekani miji mingi imeziunganisha, na mmoja wa iliyotangulia ni Seattle, bandari ya kaskazini-magharibi ya nchi hiyo.

Seattle ilijifunza zimamoto kwa gharama kubwa. Tarehe 6 Juni 1889 gundi iliyokuwa ikichemshwa katika karakana ya seremala ilifurika na kushika moto. Fundi mmoja akaimwagia maji. Maji yakautawanya moto ule juu ya sakafu yenye mabaki ya mbao na tapentaini, na ilipofika usiku sehemu kubwa ya katikati ya mji ilikuwa majivu. Waliokwenda kuuzima walikuwa watu wa kujitolea, nayo presha ya maji ikawaangusha. Mwaka huohuo mji ukaunda idara ya wazimamoto wa kulipwa. Kilichokosekana siku ile si moyo wa kujitoa, kwani watu walijitoa. Kilikosekana kichwa cha kujua kwamba si kila moto unamwagiwa maji.

Kazi ya pili iliongezwa mwaka 1970. Miaka michache kabla, huko Belfast, daktari Frank Pantridge alikuwa ameonyesha kwamba mashine ya kushtua moyo inaweza kumfuata mgonjwa alipo. Belfast walipanda madaktari ndani ya gari. Seattle, daktari wa moyo Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery wakaamua kuwafundisha wazimamoto. Hoja ilikuwa rahisi: vituo vya zimamoto tayari vimetapakaa mitaani na vina watu usiku na mchana, ilhali mtu ambaye moyo wake umesimama hupoteza takriban asilimia 7 hadi 10 ya nafasi yake ya kupona kwa kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua. Huduma hiyo ikaitwa Medic One. Gari lake la kwanza lilikuwa kubwa na zito hata likapewa jina la utani, Moby Pig.

Mtu anaweza kusema ndoa ya kazi hizi ni ya ratiba na majengo tu: watu wapo, gari lipo, basi wapewe na kazi ya pili. Mimi naona undugu wa ndani zaidi. Kazi zote mbili ni za kutawala hewa. Moto huishi kwa oksijeni, na binadamu vilevile. Zimamoto hufanya kila njia kuunyima moto. Paramediki hufanya kila njia kumpatia mgonjwa. Mara nyingine mtu yuleyule hufanya yote mawili katika nyumba ileile.

Mtazame kwanza upande wa moto. Gari linaposimama, kiongozi wa kikosi hakimbilii mlango. Huizunguka nyumba, pande zote nne akiweza, akiusoma moshi. Huangalia mambo manne: wingi wake, kasi yake, uzito wake na rangi yake. Moshi unaopanda kwa uvivu una habari nyingine na ule unaotoka dirishani kwa kusukumwa, mzito, ukijiviringisha kwa hasira. Huo wa pili unaeleza kwamba kuta na dari zimeshiba joto. Hewa ya juu ya chumba ikikaribia nyuzi 600 za Selsiasi, kila kilichomo huweza kushika moto kwa mara moja, kuanzia zulia hadi pazia, na hata mtu aliyevaa koti la zimamoto hana la kufanya humo. Samani za siku hizi zimeufupisha muda wa kufika hapo. Majaribio ya maabara ya Marekani yamelinganisha sebule yenye makochi ya sponji na vitambaa vya plastiki na sebule ya samani za zamani za mbao na pamba. Ya kisasa ililipuka moto kote chini ya dakika 5. Ya zamani ilichukua karibu nusu saa.

Ndiyo maana mlango una mtu wake. Kila aliyewahi kupika kwa jiko la mkaa anajua kidirisha cha chini kikizibwa moto huzubaa, kikifunguliwa makaa huwaka. Mlango wa nyumba inayoungua ni kidirisha hicho kwa ukubwa wa kuua. Basi wenzake wakiingia na mpira, zimamoto mmoja hubaki mlangoni akiushikilia, akiacha nafasi ya mpira kupita tu. Kazi yake haina picha ya gazetini, lakini akiuachia upepo uingie wakati usiofaa, walio ndani ndio watakaolipa.

Ndani hakuna kuona. Watu hutambaa, mkono mmoja ukutani, ili ukuta huohuo uwarudishe walikoanzia. Aliyepotea huutafuta mpira sakafuni, na kwa kupapasa umbo la kiungo chake hujua upande upi unaelekea kwenye gari na upi unaelekea kwenye moto. Maji hupigwa kwa kipimo, kwa kuwa yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, na mvuke huo humchoma mtu kama moto wenyewe. Begani ana kifaa kinachopiga kelele asipojongea kwa sekunde 30. Kanuni ya kazi ni wawili ndani, wawili nje, na wale wa nje wamekwisha kuvaa, tayari kuwafuata wenzao.

Sasa mtazame akiwa amepiga magoti sebuleni kwa mtu mwingine, bila moshi wala king'ora, mbele yake mzee aliyeanguka wakati wa chakula. Hii ndiyo kazi yake ya kila siku, maana katika miji mingi ya Marekani wito wa wagonjwa ni zaidi ya nusu ya wito wote, na moto ni sehemu ndogo sana. Kifua hukandamizwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, nacho huachwa kirudi juu kila mara ili moyo ujae damu. Mikono hubadilishana kila baada ya dakika mbili, kwa sababu aliyechoka hubonyeza kwa kina kidogo bila mwenyewe kujua. Mashine ya kushtua moyo inapochajiwa, mikono inaendelea kubonyeza hadi mwisho kabisa, na mapumziko huhesabiwa kwa sekunde.

Kichwani mwa mgonjwa yupo anayeshughulikia njia ya hewa. Kuingiza mpira wa kupumulia kooni ni kazi ya vidole na macho: mkono wa kushoto unauinua ulimi kwa chuma chenye taa, jicho linatafuta nyuzi za sauti, mkono wa kulia unapitisha mpira katikati yake. Ukiingia kwenye umio badala ya bomba la pumzi, hewa inakwenda tumboni na mgonjwa anakosa kila kitu. Kwa hiyo fundi haamini jicho lake peke yake. Anaunganisha kipimo cha kaboni dioksidi na kuutazama mchoro. Wimbi likipanda na kushuka, mpira uko mahali pake. Na wakati mwingine, kabla hata mkono haujagusa mapigo shingoni, kipimo hicho hupanda ghafla: moyo umeanza kusukuma tena. Fundi bora zaidi anajua pia kuacha. Kama barakoa na mfuko wa kupulizia vinatosha, koo haliguswi.

Uzuri wa ufundi huu huonekana wazi pale kazi hizo mbili zinapokutana. Mama ametolewa kwenye moshi. Anabanwa kidoleni kifaa cha kupima oksijeni, na namba inayotokea ni nzuri. Asiyejua atafurahi. Lakini kaboni monoksidi huishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kifaa hicho, ambacho husoma rangi, huidhania sumu kuwa oksijeni. Aliyetoka sasa hivi ndani ya chumba hicho anajua kilichokuwa kikiungua. Sponji ya kochi na vitambaa vya plastiki hutoa pia sianidi, ambayo huzuia seli kuitumia hata oksijeni iliyozifikia. Basi anampa oksijeni ya kiwango cha juu bila kujali namba, na dalili zikimwelekeza huko anatundika dripu ya haidroksokobalamini, gramu 5, dawa nyekundu inayoikamata sianidi. Alichokiona akiwa zimamoto ndicho kinachomwongoza akiwa paramediki.

Au mtu amebanwa mguu chini ya zege kwa saa kadhaa. Kila aliyepo anapaza sauti, inueni! Fundi anasema ngojeni. Msuli uliobanwa muda mrefu hukusanya potasiamu na taka nyingine, na zege likiinuliwa ghafla mzigo huo huenda moja kwa moja moyoni. Mtu aliyekuwa akizungumza anaweza kufa dakika chache baada ya kuokolewa. Kwa hiyo dripu huanza kabla jeki haijapanda. Kusimama hapo, mbele ya ndugu wanaolia, na kutia maji mshipani kwa utulivu, kunataka ujasiri kuliko kuinua zege.

Haya hayapatikani kwa hamasa. Kwa ngazi ya msingi ya uhudumu wa dharura, Marekani hudai mafunzo ya takriban saa 150 hadi 200. Paramediki kwa kawaida hufikisha saa 1,200 hadi 1,800. Seattle huanza na zimamoto aliyekwisha kukomaa kazini, kisha humpeleka kwenye mafunzo ya Chuo Kikuu cha Washington katika hospitali ya Harborview, ambako husoma na kufanya kazi chini ya madaktari kwa zaidi ya saa 2,000. Nguvu za mwili ni mlango tu wa kuingilia. Baada yake huja hesabu ya dozi, anatomia, sheria na uandishi wa ripoti, pamoja na ulimi wa kumwambia mke kwamba mumewe hatazinduka.

Tena kuna sehemu isiyoonwa na mtu. Zamu ikianza, kila mtungi hupimwa, kila barakoa huvaliwa, dawa hukaguliwa tarehe, msumeno huwashwa. Nguo za moto huoshwa baada ya kazi, na koti jeusi kwa masizi, ambalo zamani lilikuwa fahari, sasa linatambuliwa kuwa hatari: mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Bado kuna jambo ambalo ufundi wote huu hauwezi kulifanya, nalo ni kufika kabla ya kuitwa. Gari likiwa la haraka kiasi gani, dakika za mwanzo ni za waliokuwapo. Watu wa Medic One walilikubali hilo mapema, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaanza kuwafundisha wakazi wa kawaida kukandamiza kifua. Baadaye wapokea simu za dharura wa eneo hilo nao wakafunzwa kumwelekeza mpigaji, neno kwa neno, hadi gari lifike. Ndiyo maana kwa miaka mingi, kati ya wanaoanguka huko mbele ya mashahidi na moyo wao ukawa katika hali ya kuweza kushtuliwa, karibu nusu au zaidi wametoka hospitali wakiwa hai.

Mafundi wengi huficha siri ya kazi. Hawa waliichukua sehemu iliyo muhimu kuliko zote, wakaivua maneno magumu, wakaigawa bure kwa makarani, wanafunzi na wapishi, wakijua kwamba mafanikio ya mikono yao hutegemea mikono iliyotangulia. Anayetaka kuupima umahiri wa kikosi cha namna hii asitazame gari peke yake. Awaulize majirani wa kituo wanajua kufanya nini kabla gari halijafika.