Jozi, Daraja na Kivusho: Lugha ya Maelekezo ya Kuunga Spika

Miongoni mwa karatasi za maelekezo tulizozipitia hivi karibuni ziko zinazohusu spika za muziki za nyumbani, zile zenye ncha nne kwa nyuma badala ya mbili. Maneno mengi yaliyomo si mabaya yakitazamwa moja moja. Ubaya wake hudhihirika pale mtu anaposhika bisibisi na kuyafuata kama yalivyoandikwa. Twaona yafaa jambo hili lizungumzwe kwa urefu kidogo, kwani hapa istilahi mbovu haimuudhi mwanalugha peke yake. Yaweza kuunguza mtambo ambao mtu ameununua kwa akiba ya muda mrefu.

Kitu chenyewe ni hiki. Ndani ya spika ya aina hiyo mna wufa, itoayo sauti nzito, na twita, itoayo sauti nyembamba. Kila moja ina ncha zake mbili, nyekundu ya chanya na nyeusi ya hasi. Mwenye waya mmoja utokao kwenye amplifaya huuunga kwenye ncha mbili za chini, au mbili za juu, na umeme ukavuka kwenda upande wa pili kwa vipande viwili vya madini: kimoja kati ya nyekundu na nyekundu, cha pili kati ya nyeusi na nyeusi. Vipande hivyo, viwe bamba au waya mfupi, ndivyo mafundi wavitajavyo kwa jina la jampa.

Sasa tazama neno “jozi”. Katika karatasi moja tulilikuta likifanya kazi tatu. Spika ya kushoto na ya kulia ni jozi. Ncha nyekundu na nyeusi za twita ni jozi. Na ncha mbili nyekundu, ya juu na ya chini, nazo ni jozi. Kisha msomaji anaambiwa aunganishe kila jozi kwa jampa yake. Aunganishe zipi? Kwa Mswahili jozi ni vitu viwili viendavyo pamoja, kama viatu, na viatu vya jozi moja havifanani kabisa: kimoja cha kushoto, kimoja cha kulia. Msomaji mwenye akili timamu ana haki ya kudhani kwamba nyekundu na nyeusi zilizokaa ubavu kwa ubavu ndizo jozi, na akizifunga pamoja amepiga shoti kwenye amplifaya. Kosa hilo si lake. Ni la mfasiri aliyeona neno moja katika Kiingereza akaona inatosha kuweka neno moja katika Kiswahili.

Karatasi hiyo hiyo inamtahadharisha msomaji dhidi ya “saketi fupi”. Hapana tafsiri iliyo sisisi kuliko hii, wala isiyosaidia kuliko hii. Jampa ni kipande kifupi. Basi saketi iliyo nacho ni fupi au si fupi? Hatari haiko katika urefu, bali katika umeme kupata njia isiyo na kizuizi na kurudi ulikotoka bila kupitia kwenye spika. Neno “shoti” lafahamika mijini na vijijini, na kila aliyeona nyaya zikitoa cheche hulijua kwa maana yake kamili. Sisi hatuoni sababu ya kulionea haya.

Kuhusu jina la kipande chenyewe, tumekutana na “mrukaji”, ambalo lamfanya mtu afikiri habari za riadha, na “waya wa kuruka”, ambalo fundi aweza kulielewa kinyume, kana kwamba sehemu fulani ya spika inarukwa na kuachwa. (Pana hata mahali pamoja palipoandikwa “sweta”, lakini hilo tuliache lipite.) Lenye hoja ni “daraja”, kwa kuwa lataja kazi badala ya umbo. Hata hivyo neno hilo limekwisha pata kazi nyingine katika umeme: pana daraja la Wheatstone katika fizikia ya shule, na wenye amplifaya huita daraja ule mfumo wa kuunganisha njia zake mbili zitoe nguvu kwa pamoja. Kuliongezea mzigo wa tatu ni kurudia balaa la jozi. “Kiunganishi” nalo wanasarufi wamekwisha litwaa.

Tunapendekeza “kivusho”, kutokana na kitenzi “vusha”, kwa mfano wa kifungo kutokana na “funga”. Faida yake kubwa ni kwamba kitenzi chake kinabaki hai katika maelekezo: mtu aweza kuambiwa “vusha nyekundu kwa nyekundu”, na hakuna njia ya kuifahamu vibaya. Iwapo ni bamba, iitwe bamba kivusho. Iwapo ni waya, waya kivusho. Mafundi wasilazimishwe kuacha jampa yao. Itoshe mwandishi ayataje maneno yote mawili mara ya kwanza.

Lugha ya wauzaji ina kasoro ya namna nyingine. Wao husifu vivusho vya “shaba tupu”, ilhali kwetu shaba ni jina la madini zaidi ya moja. Shaba nyekundu ndiyo itumikayo katika nyaya. Shaba ya manjano, yenye mchanganyiko wa zinki, ndiyo itumikayo mara nyingi katika bamba, tena kwa kupakwa dhahabu, na hupitisha umeme kwa takriban robo tu ya uwezo wa ile nyekundu. Mnunuzi na aulize rangi iliyo chini ya dhahabu. Lakini pia asitishwe. Waya kivusho wa shaba nyekundu wenye urefu wa sentimita 10 na eneo la mkato la milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa omu 0.0007 hivi. Waya wa namna hiyo hiyo utokao kwenye amplifaya umbali wa mita 3, kwenda na kurudi, una omu 0.04, na spika yenyewe huhesabiwa kuwa na omu 8. Fedha huishinda shaba nyekundu kwa asilimia 6 tu au zaidi kidogo. Nayo bamba, kwa kuwa ni nene na fupi, hufidia udhaifu wa madini yake. Kinachoharibu sauti ni nati iliyolegea na kutu iliyoota kwenye ncha, na habari hizo wauzaji hawazisemi kwa sababu kitambaa safi hakina bei ya kutajwa.

Wapimaji wa istilahi wangalie pia kifaa cha mwisho wa waya kiitwacho “sepetu”, kwa kuwa Waingereza wamekiita hivyo. Kina meno mawili. Kwetu hicho ni uma.

Haya basi ndiyo maneno ambayo tungependa yachapwe mahali pa yale tuliyoyakosoa:

Zima amplifaya kabla ya kugusa ncha. Kwa waya mmoja, vusha nyekundu ya juu kwa nyekundu ya chini, na nyeusi ya juu kwa nyeusi ya chini, kisha kaza nati zote kwa vidole. Nyekundu isiguse nyeusi, hata kwa unywele mmoja wa waya. Ukitumia amplifaya mbili kwa spika moja, ondoa vivusho vyote kwanza. Vikibaki, amplifaya hizo zitasukumana na zaweza kuungua.