Ndizi ya panya

Chini ya Milima ya Uluguru, ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, panya buku wa shirika la APOPO hunusa safu ya matundu. Chini ya kila tundu kuna makohozi yaliyopashwa moto hadi vijidudu vikafa. Penye kifua kikuu husita, pua tunduni, kama sekunde tatu. Sampuli 100 huzimaliza kwa dakika 20 hivi. Mtu na hadubini yake angehitaji siku kadhaa.

Wengi humsifu panya. Mimi humtazama mkufunzi. Ndiye aliyempokea akiwa mchanga, akamzoesha mikono na kelele za watu, kisha akamfundisha kwamba kidude kikilia "klik", chakula kinakuja: ndizi iliyopondwa, kwa mfano. Hiyo ni kazi ya miezi tisa hivi. Uzuri wa ufundi wenyewe uko kwenye kulipa. Kati ya sampuli huchanganywa chache zilizokwisha kuthibitishwa, na kwa hizo tu panya hupata ndizi. Akisita kwenye sampuli ambamo zahanati iliyoileta haikuona kitu, hapewi chochote; sampuli hupelekwa maabara ikapimwe kwa njia nyingine. Panya anayelipwa kwa kubahatisha kesho atabahatisha tena.

Matundu yale niliyakumbuka Aprili 2025, mwanaastronomia Nikku Madhusudhan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipotangaza kwamba darubini ya James Webb huenda imeona dimethili salfaidi katika hewa ya sayari K2-18b, umbali wa miaka 124 ya nuru. Hapa duniani gesi hiyo hutokana hasa na viumbe vidogo vya baharini. Wenyewe walikiri kwamba ushahidi haujakomaa. Lakini vyombo vya habari vilikuwa vimeshatoa ndizi. Wataalamu wengine wakazichambua data zilezile, wasione dalili ya kutegemewa. Tena gesi hiyohiyo ilishakutwa kwenye nyota yenye mkia, mahali pa baridi kali, ambako hakuna anayedai pana kiumbe.

Mimi nadhani uhai uko mahali fulani huko, kwa jinsi nyota zilivyo nyingi. Ila dhana yangu haijapita maabara ya pili.

Panya wa Morogoro aliyesita kwenye tundu lisilojulikana hungoja kidogo. Hakuna klik. Huinua pua, akaenda tundu linalofuata.