Vifungu Vitatu na Fimbo Mbili

Fasili ya ugonjwa wa konzo iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1996 ina vifungu vitatu tu. Cha kwanza kinataka mgonjwa aonekane akitembea au akikimbia kwa miguu iliyokakamaa, yote miwili kwa namna moja. Cha pili kinataka historia yake: alikuwa mzima, akapatwa ndani ya muda usiofika wiki moja, na tangu hapo hali haikuendelea kuwa mbaya. Cha tatu kinataka magoti au vifundo vya miguu viruke kupita kiasi vikigongwa, kulia na kushoto, pasipo dalili ya ugonjwa wa mgongo. Maandishi ya kitabibu hatujazoea kuyahakiki kama tunavyohakiki shairi, lakini haya yamebanwa mno, na kila neno lililobaki lina jambo linalolinda.

Nyuma ya vifungu hivyo kuna Tarime ya mwaka 1985. Ukame ulikuwa umeua mazao mengine, mihogo michungu ikabaki. Njaa haikuwapa watu nafasi ya kuianika siku nyingi kama ilivyo desturi. Waliimenya, wakaitwanga, wakaianika kwa saa chache, wakaitwanga tena, na unga ukasongwa ugali siku ileile. Sianidi ikabaki ndani ya unga, na mlo haukuwa na protini ya kuusaidia mwili kuitoa. Watu waliolala wazima waliamka miguu imewaganda. Habari hiyo iliandikwa mwaka 1990 katika jarida la Brain na William Howlett, daktari wa neva aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na Glen Brubaker, Nicholas Mlingi na Msweden Hans Rosling. Rosling alikuwa amekwisha kukutana na balaa hilohilo huko Nampula, Msumbiji, ambako mwaka 1981 wagonjwa 1,102 walihesabiwa. Hata jina la konzo ni la zamani: limetoka Kongo, na daktari Trolli alilitia katika maandishi mwaka 1938.

Fasili kama hii nguvu yake huonekana zaidi mahali ambapo ugonjwa wenyewe ni mgeni. Chukua Nanyala, kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe. Ugali wa huko ni wa mahindi, shamba la biashara ni la kahawa, na tabibu wa zahanati akiletewa mtu aliyekakamaa miguu atafikiria kwanza ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Tunduma, au kifua kikuu kilichohamia mgongoni. Mpe tabibu huyo vifungu vitatu. Haombwi picha ya eksirei wala damu ipelekwe Mbeya. Cha kwanza kinatumia macho yake, cha pili masikio, cha tatu mkono. Mpangilio huo ndio mpangilio wa mgonjwa mwenyewe kufika: anaonekana mlangoni kabla hajaketi, anaeleza, ndipo anaguswa.

Hata maneno mawili yanayoonekana ya ziada, “au akikimbia”, yana sababu. Aliyepatwa kidogo anaweza kutembea ukadhani hana neno; mwambie akimbie, na magoti yatagoma. Bila maneno hayo, watoto wengi wangerudishwa nyumbani. Na ile tahadhari ya mwisho kuhusu mgongo ni bawabu: imewekwa kumzuia mgonjwa wa kifua kikuu cha mgongo asipite, kwa sababu naye hukakamaa, ila yeye ana dawa, na kuchelewa kunamgharimu.

Kinachonishangaza ni kwamba muhogo haumo. Sianidi haimo, njaa haimo, ukame haumo. Fasili inakwenda kama kitendawili: inaeleza sura ya kitu bila kukitaja, na kazi ya kukitaja inaachiwa msikilizaji. Nadhani kunyamaza huko kulikusudiwa, tena kwa busara. Ukiandika “mla mihogo” ndani ya fasili, kila aliyekakamaa miguu anayekula mihogo atakuwa na konzo, na hutaweza tena kupima kama muhogo ndio chanzo, maana jibu umeshalitia ndani ya swali. Mtafiti anahitaji kimya hicho. Mtu wa zahanati anahitaji kinyume chake, na andiko moja limetakiwa liwatumikie wote wawili.

Mahali fasili inapoteleza ni kwenye ngazi za ukali zinazofuata vifungu hivyo. Anayetembea bila msaada, konzo yake ni nyepesi. Anayetumia fimbo moja au mbili, au magongo, ni ya kati. Asiyeweza kutembea pasipo kushikwa na mtu, au aliyelala kitandani, ni kali. Linganisha na kipimo cha nguvu za misuli kilichoenezwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza mwaka 1943 kwa ajili ya majeruhi wa neva wa vita: sifuri ni msuli usiotikisika kabisa, tatu ni kuinua kiungo dhidi ya uzito wake chenyewe, tano ni nguvu za kawaida. Kipimo hicho kinamtazama mtu kipande kwa kipande, kama aliyefumuliwa. Tena hakifai hapa, kwa kuwa tatizo la konzo si ulegevu pekee. Msuli unaweza kuwa na nguvu na bado ukawa adui wa mwenyewe, ukivuta kisigino juu hadi mtu anatembea kwa ncha za vidole, na kano ya kisigino ikafupika, kifundo kikapoteza mwendo wake. Kwa hiyo kuhesabu fimbo badala ya misuli ulikuwa uamuzi mzuri.

Lakini ile “moja au mbili”! Mwenye fimbo moja amebakiwa na mkono mmoja: atashika ndoo, atachuma kahawa kwenye tawi la chini, atamshika mtoto mkono. Mwenye fimbo mbili hana mkono. Ngazi inayowaweka pamoja imetazama miguu ikasahau kwamba fimbo hula mikono. Kwa mwanamke wa kijijini huo ndio mpaka halisi kati ya kuishi na kulishwa, na umepitiwa kwa neno “au”.

Kwenye ngazi ile iliyo kali, hata hivyo, fasili inalainika bila kujua. Hapo ndipo mtu wa pili anapotokea kwa mara ya kwanza: yule anayemshika mgonjwa. Hana jina wala umri, ametajwa kama kifaa baada ya fimbo na magongo, lakini yumo. Sioni popote pengine katika andiko hili ambapo mgonjwa ana jamaa.

Narudi kwenye kifungu cha pili, pale panaposema hali isiendelee kuwa mbaya. Kwa walio wengi ni kweli, na ndicho kinachotenganisha konzo na magonjwa yanayokula neva polepole. Ila wapo wachache waliopigwa mara ya pili, ghafla kama mara ya kwanza, wakashuka kutoka fimbo hadi kitandani. Wengine, walioathirika sana, hupata shida ya kusema au kuona. Matatizo haya adimu hayakupata nafasi katika vifungu vitatu, na kwa ufupi uliokusudiwa yasingeweza kuipata. Gharama yake inaangukia pale ambapo muhogo umenyamaziwa. Tabibu anayeshika kifungu cha pili neno kwa neno atamwambia mgonjwa kwamba lililompata limekwisha, atamkatia fimbo nzuri, na atamruhusu arudi kwenye unga uleule.